Tuachieni saizi ya madirisha ya kompyuta tujipimie wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na hawa vijana wetu wanaotuundia programu za kompyuta, zile za karo shuleni, za chemisti, za sacco. Mbona mnafunga saizi ya dirisha? Mtu anashika pembe na mausi avute, haivutiki, na kile kitufe cha kupanua pale juu kimefifishwa hakibonyezeki.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kondele, Kisumu, na laptopu nyingi zinazonifikia ni za mitumba, skrini ni nukta 1366 kwa 768. Sasa karani wa karo, mama wa makamo, anaongeza maandishi yawe asilimia 125 ndio asome bila kukaza macho, na hapo skrini inabaki na nafasi ya kama 1093 kwa 614 tu. Dirisha la kuingiza karo limechorwa urefu wa 700 na likafungwa, kwa hivyo kitufe cha kusevu kinaishia nje ya skrini. Juzi mmoja amenipigia ati programu imekufa na wazazi wamejaa mlangoni, kumbe ni nzima, kitufe tu ndio hakionekani, ikabidi nimwelekeze abonyeze Alt na Space, halafu M, kisha asukume dirisha lote juu kwa mshale. Kweli hiyo ni kazi ya karani?

Na kwa skrini kubwa ni shida ileile, majina ya wanafunzi yamebanwa kwa kaboksi kadogo, jina la tatu limekatwa, na pembeni nafasi tupu imejaa tele.

Windows ya kwanza, 1985, madirisha hayangeweza kulaliana, ni toleo la pili 1987 ndio likaruhusu. Mac ya 1984 ilikuwa na pembe moja tu ya kuvuta, ile ya chini kulia, na ni 2011 ndio watu wakaanza kuvuta ukingo wowote. Miaka yote hiyo mtumiaji anaongezewa uhuru, nyinyi mnamnyang'anya.

Najua mtasema likivutwa mpangilio unavurugika. Utavurugika kama kila kitu umekipigilia mahali pake kwa namba. Lakini zana mnazoundia programu zina dawa yake: WinForms ina Anchor na Dock, za kushikiza vitu kwenye kingo za dirisha vifuate likivutwa, Java na Qt zina leiauti zinazojipanga zenyewe, na kuna MinimumSize ya kuzuia dirisha lisipunguzwe hadi likose maana, bora hicho kikomo kiingie kwa laptopu ya karani, si kwa skrini yako ya ofisini. Nafasi ikikosa kabisa weka skroli. Kale kadirisha ka kuuliza kama una hakika unataka kufuta, hako kafungeni, sina ugomvi.

Na walimu wakuu, kabla hamjalipia programu, mwiteni karani aifungue kwa mashine yake mwenyewe, avute pembe, aingize risiti moja hadi mwisho. Ikimkwamisha msitoe pesa hadi irekebishwe.

Fundi wa kompyuta,
Kondele, Kisumu