Kayaki zikodishwe kwa kufuata maji, si saa ya ukutani

Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini mwako tuzungumze na wanaokodisha kayaki pwani ya mashariki ya Unguja, na wanaozikodi. Kabla ya kuvuka mlango wa mwamba, yaani pengo katika mwamba wa matumbawe ulio mbele ya pwani, watu hutazama ukubwa wa wimbi tu. Kina cha maji juu ya mwamba hawakiulizi, nacho ndicho kinachoamua kama wimbi litapita au litavunja.

Wimbi likifika maji haba, mwendo wake hupungua, la nyuma hulisogelea, nalo huzidi kuinuka mpaka kilele kikatangulia mbele na kuanguka. Kwa makisio ya kawaida, wimbi la mita 1 huvunja penye kina cha mita 1.3 hivi.

Chukua siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yamejaa, juu ya mwamba pana mita 3, na yatakupwa mita 3 kwa muda wa saa sita. Hayakupwi sawasawa: saa ya kwanza hushuka kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja. Baada ya saa mbili bado pana mita 2.25, na wimbi la mita 1 linapita bila povu. Saa ya tatu ikiisha zimebaki mita 1.5, mawimbi makubwa yanayokuja kwa makundi, yale ya mita 1.3, tayari yanavunja. Na bamvua huku kwetu maji hujaa karibu saa kumi jioni. Anayetoka saa hiyo akarudi saa moja hana njia ya kupita juu ya mwamba, na giza limeshaingia.

Sakafu ya bahari nayo ina lake. Penye mchanga unaoinuka polepole, povu humwagika kileleni kidogo kidogo na kayaki huweza kwenda nalo. Mwamba wa nje umesimama wima: wimbi linatoka kilindini, linajikunja ghafla na kupiga kwa uzito wake wote, huku maji ya mbele yake yamevutwa. Aliyepinduka anaangukia matumbawe.

Msitegemee mlango kwa sababu una kina. Maji yakikupwa, mkondo unaotoka hukutana na mawimbi ya upepo wa kusi yanayoingia. Yanafupika, yanasimama, na huweza kuvunja hapo hapo.

Kipimo tunachofundisha ni hiki: tazama dakika 15, kisia wimbi kubwa kuliko yote, kisha uvuke tu penye kina mara mbili yake. Ukiwa nje huoni povu, unaona migongo laini. Tafuta rasharasha zinazoruka juu. Wimbi likikukuta ubavu, egemea upande linakotoka na ulaze kafi juu ya povu. Ukiegemea pwani unapinduka. Ukishapinduka, kaa upande wa bahari kuu, kayaki iliyojaa maji isije ikakuponda mwambani.

Tunawaomba wakodishaji wabandike ubao wenye saa ya maji kujaa na saa ya mwisho ya kurudi ndani ya mwamba, kila siku. Siku ya bamvua ambayo wimbi kubwa kuliko yote ni la mita 1, kurudi kusizidi saa mbili baada ya maji kujaa, hata kama mteja amelipia tatu.

Waongozaji wa kayaki,
Zanzibar