Barua ya wazi kwa shemeji wa Kisumu mwenye chupa mbili za shampeni ya 2012

Shemeji,

Umeuliza kama hizo chupa mbili zinaweza kungoja harusi ya kitinda mimba wako. Lebo haiwezi kukujibu, kwa hiyo fungua moja. Nyingine itoe juu ya kabati la jikoni leo hii. Joto la mchana huko hugonga nyuzi 30, ilhali shampeni inataka 10 hadi 12, gizani, bila kupandapanda. Friji ya kawaida inafaa kwa wiki kadhaa tu, kwani ikikaa humo miaka kizibo hukauka. Kama kuna ndugu Nakuru mwenye chumba kisichopigwa jua, mpelekee. Si pazuri kabisa, ila ni afadhali.

Mwaka ulioandikwa maana yake zabibu zote ni za mavuno hayo, na kisheria chupa hukaa angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa. 2012 ulikuwa mwaka wa mavuno machache lakini mazuri, yaliyoiva na uchachu ukabaki. Geuza chupa usome nyuma: watengenezaji wengine huandika tarehe ya kutoa mashapo ya hamira, yaani machicha ya hamira yanayotua chupani divai ikichacha. Hiyo tarehe ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mashapo hufyonza oksijeni, na yakishatolewa, divai huanza kuzeeka kwa kasi nyingine. Chupa mbili za mwaka mmoja zilizotolewa mashapo miaka tofauti hazina ladha sawa.

Ipoze dakika 30 kwenye ndoo ya barafu nusu na maji nusu. Fungua waya bila kuachilia kizibo, kisha zungusha chupa, si kizibo. Kikitoka, tazama sehemu yake ya chini: kikitanuka haraka, hakijakaa sana humo, kikibaki chembamba na kimenyooka, kimezeeka.

Tumia glasi ya divai nyeupe, ujaze theluthi. Ile nyembamba hubana harufu. Ndimu na tufaha bichi ni dalili za ujana. Mkate uliookwa, asali na njugu ni za ukomavu. Harufu ya boksi lililolowa ni ugonjwa wa kizibo, na ya kabichi iliyochemshwa ni mwanga uliipiga. Tufaha lililopondeka na rangi ya kahawia maana yake hewa imeingia.

Usihukumu kwa mapovu. Kinachobeba miaka ni uchachu. Meza, kisha usikilize ulimi: uchachu ukibaki mkali na ladha ikiendelea, kuna uhai. Ukipotea upesi ikabaki utamu tu, imefika mwisho. Halafu acha glasi nusu saa. Ikizidi kufunguka, yaani harufu na ladha zikiongezeka, ya pili ingoje miaka mitano, ikihifadhiwa vizuri. Zikififia, inyweni Krismasi hii.

Iliyobaki inaenda vizuri na ngege wa kukaanga. Usiweke kijiko shingoni mwa chupa, hakizuii gesi. Tafuta kizibo cha kubana, weka kwenye friji, na iishe kesho yake.