Ringi za chuma ziuzwe kwa kilo zinazobeba, si kwa inchi na rangi

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya ringi za chuma za magari ya porini yanayochapwa magazetini hutaja inchi na rangi, basi. Mnunuzi analipia ringi tano nyeusi za inchi 16, anaambiwa ni "za kazi ngumu", na anaondoka dukani bila kujua kila moja inahimili kilo ngapi. Tunaomba gazeti lako liwatake wanaotangaza bidhaa hiyo waandike pia uzito unaobebwa na ringi moja, ofseti (tutaieleza hapa chini), duara la stadi, yaani bolti zinazoshika gurudumu, na upana wa tundu la katikati. Tutaeleza sababu kwa kutumia Land Cruiser 78 na 79, yale mengi yanayoitwa mkonga, kwa kuwa ndiyo yanayobeba watalii, dawa na saruji huku kwetu.

Tuanze na uzito. Fungua mlango wa dereva usome kibati cha gari, au kitabu chake, uone kila ekseli imeruhusiwa kilo ngapi. Ekseli ya nyuma ikiwa na kilo 2,300, kila gurudumu linabeba 1,150 gari likiwa limesimama tambarare. Likilala upande kwenye mteremko, au tairi moja likitumbukia shimoni kwa kasi, gurudumu moja linapokea zaidi ya hapo. Kwa gari kama hilo sisi hatufungi nyuma ringi ya chini ya kilo 1,250. Namba hiyo hugongwa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi upande wa ndani, na hapo ndipo watu wanapopotea: ringi nyingi zimeandikwa LBS, yaani ratili. Ringi ya LBS 2,200 haibebi kilo 2,200, inabeba kilo 998. Gawanya kwa 2.2 kabla hujatoa pesa. Na tairi zuri haliokoi ringi dhaifu. Tairi la 7.50R16 lenye namba ya uzito 121 ubavuni linabeba kilo 1,450, lakini likivikwa kwenye ringi ya kilo 998, uwezo wa gurudumu zima ni kilo 998.

Ringi isiyo na namba yoyote iliyogongwa, iache. Iache pia ya chuma iliyogongwa JWL ili ionekane ya Kijapani, kwa sababu alama ile ni ya ringi za aloi.

Kuhusu stadi, 78 na 79 zilipotoka mwaka 1999 zilikuja na stadi 5 kwenye duara la milimita 150, tundu la katikati milimita 110, na nati za M14, yaani za stadi nene ya milimita 14, zenye hatua ya hesi ya 1.5. Ndugu zake wakubwa kwa umri, kama 75, wana stadi 6 kwenye milimita 139.7 na nati za M12. Kwenye stadi 6, pima katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo, umemaliza. Kwenye stadi 5 hakuna inayotazamana na nyingine, kwa hiyo pima zilizo jirani: ukipata milimita 88 ni duara la 150, ukipata 82 ni la 139.7 kama la Suzuki Jimny, ukipata 97 ni la 165.1 la Land Rover Defender ya zamani. Wenye pikapu kama Hilux hudanganyika kwenye tundu. Hilux, D-Max na Ranger zote zina stadi 6 kwenye 139.7, ila habu (kitovu kinachoshika ringi) ya Hilux inataka tundu la milimita 106, D-Max 100, Ranger 93. Ringi ya Hilux inaingia kwenye Ranger kirahisi kabisa na kuacha uwazi wa zaidi ya milimita 6 kuizunguka habu. Gurudumu halikai tena juu ya habu, linaning'inia kwenye nati.

Jambo linaloharibu magari mengi kuliko yote hayo ni ofseti, na ndilo wauzaji wasilolitaja kabisa. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa ringi na uso unaogusa habu. Ikiwa chanya, uso huo uko upande wa nje na gurudumu linaingia ndani ya gari. Ikiwa hasi, gurudumu linatoka nje. Isipoandikwa, ilaze ringi kifudifudi, weka rula iliyonyooka juu ya midomo yake ya nyuma, pima kutoka kwenye rula hadi uso wa habu, kisha toa nusu ya upana wote wa ringi. Ringi ya inchi 7 ina upana wa kama milimita 203 ukipima mdomo kwa mdomo, maana ile 7 haihesabu unene wa midomo. Nusu yake ni 101.5. Rula ikionyesha 114, ofseti ni chanya 12.5. Pima hivyo hivyo ringi iliyotoka na gari, ulinganishe.

Kijana anayetaka gari lipanuke huchukua ofseti hasi kwa ajili ya umbo. Gurudumu likisogea nje milimita 30, uzito ule ule wa gari unaibana beringi ya nje ya habu kwa mkono mrefu zaidi, usukani unapiga mikono kila tairi likigonga jiwe, na matope yanaruka nje ya madigadi hadi vioo vya milango. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati, mfano ile ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, kipigo hicho hakipumziki. Kwa Land Cruiser 70, yaani familia ya 78 na 79, kuna kishawishi cha ziada: mabadiliko ya mwaka 2007 yalitanua ekseli ya mbele, magurudumu ya nyuma yakabaki ndani kwa jumla ya milimita 95. Wapo wanaouza ringi za nyuma zenye ofseti ya kuziba tofauti hiyo, karibu milimita 48 kila upande. Dawa halisi ni ekseli pana, nayo ni ghali. Gari la mizigo liache lilivyo.

Upana wa ringi ufuate tairi. 7.50R16 inakaa vizuri kwenye inchi 5.5 hadi 6.5, 235/85R16 kwenye 6 hadi 7.5, na 265/75R16 inataka 7 hadi 8. Ukiivuta 7.50 kwenye ringi ya inchi 8, mbavu zinatanuka, mawe yanazipata, na siku ya kupunguza upepo mchangani tairi linachomoka mdomoni. Valvu nayo itazamwe. Ile ya mpira ya kawaida mwisho wake ni psi 65, na gari lililosheheni hufika huko, hivyo weka ya chuma yenye nati.

Unene usikudanganye. Ringi nzito kupita kiasi inachosha shokapu, na chuma kizito chenye mchomeleo mbovu hupasuka vile vile. Faida ya chuma ni kwamba mdomo ukipinda porini unagongwa kwa nyundo na safari inaendelea. Lakini ufa ukianzia kwenye tundu la stadi, kwenye tundu la hewa, au pale sahani ya katikati ilipochomelewa, ringi hiyo haichomelewi tena. Utaujua kwa mstari mwembamba wa kutu ya kahawia unaochuruzika kutoka tundu la hewa kama chai iliyomwagika, huku rangi iliyobaki ikiwa nzima. Kwa ringi iliyotumika, vua tairi, suuza, igonge kwa nyundo ndogo: nzima inalia, yenye ufa inajibu kwa sauti butu. Iliyopakwa rangi jana ikauzwa leo, kwangua rangi kuzunguka matundu kabla ya kulipa.

Rangi hiyo hiyo ndiyo inayolegeza nati. Ikiwa nene kwenye uso wa habu na kwenye vikombe vya nati, inasagika gari likitembea na mkazo unapotea. Iondoe sehemu hizo mbili. Nati za M14 kwenye ringi ya chuma ya 79 zinafungwa kwa mkazo wa Nm (nyutoni mita) 209. Usipokuwa na spana ya torki, mtu wa kilo 70 akisimama juu ya mpini, sentimita 30 kutoka kwenye nati, amekaribia kabisa kiasi hicho. Gani ya upepo ya kufungia nati ikiachiwa hadi mwisho huvuta stadi, nayo inakuja kukatika mbali na gereji. Kaza tena baada ya kilomita 50, na kila jioni kwenye barabara mbaya. Stadi moja ikikatika, ibadilishe pamoja na jirani zake wawili, maana walikwisha kubeba mzigo wake.

Mwisho, tairi la akiba. Magari mengi yanafungwa ringi nne mpya za chuma, na ya tano inabaki ile ya aloi iliyokuja na gari. Nati za aloi za Toyota zina shingo ndefu na washa bapa, za chuma zina koni. Washa bapa haikai kwenye kikombe cha koni, na nati ya koni haina mahali pa kukaa kwenye ringi ya aloi. Anayebaki na ringi hiyo afunge mfuko wa nati zake tano pamoja nayo, au anunue ringi ya tano inayofanana na nyingine.

Mafundi wa magari ya safari,
Arusha