Panya wasiotetemeka

Shosti wangu,

Nisamehe nimechelewa kujibu, meseji yako niliiona siku ileile ila nilikuwa na hasira zangu za maabara na mimi nikiwa na hasira naandika ovyo, nkasema ngoja nitulie kwanza. Nimefurahi sana kusikia figo zimetulia na umeanza kula. Ila lile swali ulilouliza kwa kulalamika, ati wadudu wameshapigwa sindano wanakufa, mbona usiku ule ndo ukatetemeka mpaka kitanda kinalia? Yaani hujui tu, swali hilohilo limeninyima usingizi karibu mwezi mzima, ila langu lilikuja kwa mlango mwingine.

Iko hivi. Mi nalea seli zinaitwa makrofeji, ni jamii ya seli nyeupe, zinakaa kwenye nyama za mwili zinameza bakteria na seli zilizokufa, ni wale walinzi wa mlangoni ambao hawasubiri kufundishwa na ugonjwa wala chanjo, unazaliwa nao. Nikawa naziwekea proteini fulani ya bakteria nione kama zitatoa TNF, hiyo ndo kemikali ya kupiga mayowe, ikitoka mishipa midogo inapanuka na kuvuja, homa inapanda, seli zingine zinakuja mbio. Zikatoa! Tena nyingi! Nikamwita mpaka msimamizi wangu aje aone. Halafu nikafanya kontroli, yaani jaribio la kuhakiki, nikaichemsha ile proteini ivurugike, maana proteini ikishachemshwa umbo lake linaharibika na seli hazitakiwi kuijali tena. Zikatoa TNF vilevile, kiasi kilekile. Wiki tatu za kazi zikaenda na maji palepale nimesimama.

Kumbe ni endotoksini. Bakteria wa kundi la E. coli, hao ambao mara nyingi ndo wanaoleta shida kama yako ya mkojo kupanda hadi kwenye figo, kwa nje wamevaa koti la mafuta na sukari, ndo hiyo endotoksini, na hilo koti huwezi kuliua kwa sababu halijawahi kuwa hai. Ukilichemsha lipo, ukiliweka kwenye mashine ya mvuke linatoka na nguvu zake, wanaotaka kulimaliza kwenye vyombo vya kioo wanavioka kwenye oveni kavu, nyuzi 250, nusu saa nzima. Na proteini yangu ilitengenezwa ndani ya E. coli haohao, kwa hiyo muda wote nilikuwa nazilisha seli vipande vya makoti nikidhani nazilisha proteini. Wala si jambo geni, Richard Pfeiffer aliliona tangu 1892 kwa bakteria wa kipindupindu, aliwaua kwa joto, akawadunga wanyama wa maabara, na wanyama wakafa hivohivo. Mi nimekuja kulijua kwa machozi miaka mia na thelathini baadaye.

Sasa rudi kwenye usiku wako. Zipo antibiotiki zinazompasua bakteria, akipasuka vipande vyake vinamwagika, na walinzi wako wanasoma vipande, hawaulizi kama mwenye koti ni mzima au ni maiti. Siwezi kuapa kwamba ndo kilichokutetemesha wewe, ila kinaingia akilini, na kwa maambukizi ya figo homa kuendelea siku mbili tatu tangu uanze dawa ni kawaida kabisa. Hukulogwa.

Najua utasema basi izimwe hiyo alamu. Hata mi nilifikiri hivo, mpaka niliposoma habari za aina moja ya panya wa maabara inaitwa C3H/HeJ. Panya huyu ukimdunga endotoksini ya kumuua panya mwingine, yeye anaendelea na shughuli zake, hana habari. Raha, si ndio? Sasa mpe bakteria wazima wa salmonela, hata wachache tu, anakufa wakati wenzake wanapona, kwa sababu bakteria wanazaliana humo ndani na hakuna aliyepiga kelele. Watu walihangaika miaka kutafuta ana kasoro gani, mwisho 1998 kundi la Bruce Beutler likaipata: herufi moja tu ya DNA imekosewa kwenye kipokezi kinaitwa TLR4, ndo kinacholisikia koti. Miaka miwili nyuma yake kundi la Jules Hoffmann kule Ufaransa lilishaonyesha kwamba nzi wadogo wa matunda waliokosa jeni ya Toll, ndugu wa hicho kipokezi, wanafunikwa na kuvu hadi kufa. Wote wawili walipata Nobel 2011. Nzi na panya na wewe, mlinzi wenu ana ukoo mmoja, mi hapo huwa nacheka peke yangu.

Na kuzima walijaribu, usidhani watu wamelala. Kuna dawa ilitengenezwa ya kuziba hichohicho TLR4, inaitwa eritorani, kwenye panya ikafanya kazi safi kabisa, ikapelekwa kwa wagonjwa karibu 2,000 wa sepsisi kali, yaani maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima, matokeo yalipochapishwa 2013 vifo havikupungua. Mi naona tatizo mojawapo ni saa. Mgonjwa anafika wodini kelele zilishapigwa zamani, moto umeshahamia kwingine, wewe unakuja kukata waya wa kengele. Usinishike sana hapo, ni maoni yangu, msimamizi wangu ana yake na tunabishana kila Ijumaa.

Kinachonivutia mimi siku hizi ni jinsi moto unavyozimika wenyewe. Nyutrofili, wale unaowaona kwenye usaha, mwili unatengeneza kama bilioni 100 kwa siku, wanaishi muda mfupi, wakifa makrofeji zinawameza, na zikishawameza zinabadilika tabia, zinaacha mayowe zinaanza kutoa kemikali za kutuliza na kuponya. Yaani kula maiti ndo ishara ya kwamba vita imeisha. Hapo ndo nataka kuhamishia kazi yangu, nikishamalizana na huu uchafu.

Maana kesho naipima proteini upya, na kipimo chenyewe utacheka, kinatumia damu ya mnyama wa baharini anayefanana na kaa lakini ukoo wake uko karibu na buibui, damu yake ni ya bluu, na ikigusa endotoksini hata chembe inaganda. Frederik Bang ndo aliona 1956 hao wanyama damu inawaganda wakiambukizwa bakteria. Kwa hiyo kinga ya mnyama huyo ndo inakagua kama kinga ya seli zangu imedanganywa. Isipoganda nakupigia hata kama ni saa nane usiku, ikiganda usinitafute mpaka Jumatatu.

Zile dawa zimebaki za siku ngapi? Nitumie picha ya pakiti nihesabu mwenyewe, nakujua wewe.

Wako wa siku zote