Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa koliflawa

Wanachama wenzangu, wazee, akina mama na vijana, salamu sana. Mwaka huu naongelea koliflawa tu maana karoti na viazi vilienda kama kawaida, na hela za kikundi mhazini atazisoma mwenyewe.

Waliopandikiza mwezi wa tano wakavuna kipindi cha baridi walitoa maua meupe, mazito, madalali wa Kariakoo wakawa wanayagombania, ila waliopandikiza Desemba wengi waliambulia viua kama kifungo cha koti halafu wakaanza kulaumu mbegu feki. Jamani, siyo mbegu. Miche ilikaa kitaluni imepitiliza wiki 6, ikakosa maji, ikaenda shambani na jua lile, na mche ukishateseka unatoa ua kabla majani hayajatosha. Koliflawa inataka nyuzi joto 15 mpaka 20, Lushoto tunazo lakini siyo miezi yote. Hamisha mche ukiwa na wiki 4 au 5, nafasi sentimita 60 kwa 45, maji yasikatike.

Ua likifika saizi ya yai funga majani yake juu kwa kamba ya mgomba, likipigwa jua linakuwa njano na bei inaanguka hapohapo. Shina likiwa na uwazi na ukahawia ndani, hapo mara nyingi ni madini ya boroni yamepungua udongoni. Na ukishavuna usipande kabeji palepale, ni ndugu hao, magonjwa yao mamoja.

Kijana mmoja aliuliza kama hili ni zao la wazungu. Asili yake ni pande za Mediterania, Ibn al-Awwam, mwandishi wa kilimo wa Seville huko Hispania, alishaliandika karne ya 12 enzi za Waarabu kule, Wafaransa wamelipata kwa Waitaliano karne ya 16, India limepelekwa na Waingereza 1822 na leo India na China ndio vinara wa dunia kwa kulilima.

Kinachonikera mimi, tunauza yote wenyewe hatuli! Gramu 100 mbichi zina vitamini C kama miligramu 48, zaidi ya nusu ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, na folati, ile vitamini wanayoambiwa wajawazito kila siku kliniki ipo humo humo. Tatizo tunaichemsha mpaka inarojeka, vitamini nyingi tunaimwaga na maji. Kaanga kidogo tu na kitunguu na binzari, epua ikiwa bado ngumungumu. Yale ya njano yanayokataliwa sokoni yapikeni nyumbani, ng'ombe wapeni majani.

Kitalu cha pamoja tunaanza mwezi wa nne, na miche anapewa aliyelipa ada, asiyelipa asinipigie simu usiku.