Mashavu ya mwanetu

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila kaskazi imetulia na joto halina huruma.

Picha za mwanetu nimezipata, pamoja na ile orodha yake: mafuta ya mashavu yatolewe, taya zipunguzwe, kidevu kitokeze, pua ichongwe. Kwanza nakuomba usimgombeze. Ana miaka 21, na kutwa nzima anatazama nyuso zilizonyooshwa kwenye simu. Umeniuliza mimi kwa kuwa niko kliniki ya meno, basi nitakwambia ninavyoona, jambo kwa jambo.

Shoga, uso kuwa mpana kuna sababu nyingi, na kila sababu ina njia yake. Upana unaweza kutoka kwenye mfupa, kwenye msuli au kwenye mafuta. Mwambie aweke vidole viwili kwenye pembe ya taya, chini kidogo ya sikio, kisha aume meno kwa nguvu. Pakiruka donge gumu chini ya vidole, huo ni msuli wa kutafunia umenenepa. Mimi nadhani ndio wake, kwani alipolala kwetu wakati wa Maulidi binti zangu walinambia usiku kucha anasaga meno. Msuli kama huo huchomwa sindano ya botoksi, dawa ya kulegeza msuli, ukapungua polepole kwa wiki kadhaa, na baada ya miezi hurudi. Kurudi huko ndiko kunakonipa moyo: akijutia, mwili wenyewe utamrudishia. Hata hivyo aanze na kinga ya meno ya kulalia, maana kusaga huko kutamla meno kabla hajafika miaka 30.

Mafuta ya mashavu nayakataa kabisa. Daktari hupasua kwa ndani ya mdomo, karibu na magego ya juu, akavuta kifuko cha mafuta na kukikata. Nje hakuna kovu, na ndiyo maana wasichana wanaliona jambo dogo. Lakini hapo hapo unapita mfereji wa mate na matawi ya mshipa wa fahamu unaoendesha uso, na mafuta yale yakishatolewa hayarudi. Uso nao hupungua mafuta wenyewe kadiri umri unavyokwenda. Toa picha yako ya harusi umwekee mbele: mashavu yako yalikuwa haya haya yake, tena ulisingwa ukang'aa, kila mtu akasema mashallah. Leo yako wapi? Sasa fikiria kama ungeyapunguza wakati ule, uso wako ungekuwaje hivi sasa.

Kidevu ndicho kilichonishughulisha zaidi. Katika ile picha ya upande mmoja, meno ya juu yametangulia sana na mdomo wa chini umejikunja nyuma yake. Inawezekana kidevu hakina kosa lolote, kosa liko kwenye namna meno yanavyokutana, na waya za meno zikabadilisha sura ya mdomo kuliko sindano yoyote. Ikiwa taya lenyewe la chini ndilo fupi, kuna upasuaji wa kulisogeza mbele, kazi ya daktari bingwa wa upasuaji wa mdomo na taya, na hufanywa mifupa ikishamaliza kukua. Akitaka tu kuona sura yake ingekuwaje, fila, yaani dawa nzito ya asidi ya haialuroniki inayochomwa kujaza chini ya ngozi, kwenye kidevu hukaa kama mwaka, na ipo dawa ya kuiyeyusha. Hilo singemkatalia, mradi mchomaji awe daktari.

Pua, nakusihi, ingoje. Picha zote alizopiga ni za simu iliyo mkononi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba picha ya karibu, kama sentimita 30, huipanua pua kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na ya mita moja na nusu. Mpige wewe ukiwa umerudi nyuma, kisha azilinganishe. Tena pua yenye ngozi nene kama zetu haitaki kukatwakatwa tu. Mara nyingi daktari huongeza gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio, ili ncha isimame, na uvimbe huchukua hata mwaka kwisha. Na asikubali fila ya pua eti kwa kuwa haina kisu! Mishipa ya damu ya hapo imeungana na ya jicho, na dawa ikiingia ndani ya mshipa mtu anaweza kupofuka.

Halafu lile fundo la kovu kwenye sikio lake la kushoto, lililobaki alipotobolewa, alitaje kwa daktari yeyote kabla hajaguswa. Ngozi yenye kuota makovu ya namna ile haichezewi.

Baba yake amesema yote haramu, nami siwezi kuingilia. Ila mkumbushe Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab, na Mtume (S.A.W.) akamruhusu kutengeneza ya dhahabu. Maulamaa hutenganisha kurekebisha kasoro na kubadili umbo kwa ajili ya urembo tu. Waya za meno ziko upande gani, amuulize sheikh anayemwamini. Nachelea mlango ukifungwa wote, mtoto ataingia saluni kwa siri, achomwe na mtu asiyejua mshipa uko wapi, dawa yenyewe haina hata kibandiko.

Mkifika Mombasa au Nairobi, jina la daktari litafuteni kwanza kwenye tovuti ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Asipokuwemo, ondokeni. Akiwemo, mwulize ni kazi ngapi kama hiyo amefanya, na mwombe picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yetu, zilizopigwa baada ya mwaka, zile za wiki ya pili hazitoshi.

Kwa sasa nitumie picha mbili: moja ya upande, meno yamekutana na midomo imetulia, na nyingine ya meno yenyewe, midomo imevutwa. Na likizo ya chuo ikifika, mlete huku nimtazame mwenyewe. Chumba cha juu kiko wazi.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
shogako wa Langoni