Harambee ya tatami 18 (mikeka minene ya kuangukia kwenye judo) na mizani moja

Ndugu zetu wa Kigoma, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kikundi chetu cha judo hapa Mwanga kinaomba mkono wenu. Harambee itakuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana, katika ukumbi uleule tunaofanyia mazoezi. Bajeti ni shilingi 5,400,000. Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi, na kabla hamjauliza fedha ni za nini, nianze na aibu yetu wenyewe.

Mwaka jana tulimpeleka binti mmoja kwenye mashindano Dar es Salaam. Anacheza uzito wa wasichana wasiozidi kilo 52. Mizani hatuna, kwa hiyo siku ya kusafiri tulimpima mwaloni Kibirizi, kwenye mizani ya magunia ya dagaa. Ikasoma 51 na nusu. Tukashangilia, mama yake akamfungia ugali na migebuka ya njiani. Kufika Dar, mizani ya waamuzi ikasoma 52.4. Kwenye judo hakuna cha "gramu mia nne tu, mwalimu". Ukizidi, umetoka. Alikaa jukwaani siku nzima, vazi lake begani, akiwatazama wenzake. Hakupigana hata dakika moja. Tuliporudi kwa mwenye ile mizani alicheka sana: "Kumbe mlitumia hiyo? Hiyo ni ya kununulia. Ya kuuzia ni ile nyingine."

Binti huyo sasa ana miaka 19, na hapo ndipo haraka yetu ilipo. Mashindano ya dunia ya judo ya vijana, yanayofanyika kila mwaka chini ya Shirikisho la Kimataifa la Judo, ni ya walio chini ya miaka 21. Mwaka unaotimiza 21, hata kama umezaliwa Desemba, nafasi hiyo huna tena. Unakwenda kukutana na wakubwa. Mwaka 2023 yalikuwa Odivelas, Ureno; 2024 Dushanbe, Tajikistan; 2025 Lima, Peru. Afrika nayo imeyapokea: Agadir 2010, Cape Town 2011, Marrakesh 2019. Tusidanganyane, kikundi cha mtaa hakimpeleki mtu huko. Anayepeleka ni chama cha taifa, nacho humpeleka aliyeonekana. Kazi yetu sisi wa mwisho wa reli ni kumfikisha Dar akiwa na kilo zake halali na mgongo mzima. Andrew Mlugu alipopigana judo kwenye Olimpiki ya Paris 2024, watoto wetu walimtazama wote kwenye simu moja, na tangu siku hiyo hawaambiliki.

Mgongo nimeutaja kwa sababu. Judo ni kuangushana. Ukimwangusha mwenzako chali kwa nguvu na kwa kasi, pambano limekwisha hapohapo, kwa hiyo jioni moja mtoto anaanguka mara hamsini ndipo wenzake wajifunze. Sisi tunaangukia turubai la lori lililotandikwa juu ya maranda ya mbao. Maranda hayatulii. Kila baada ya robo saa katikati panabaki saruji tupu, mwalimu anapiga makofi, watoto wanaacha kila kitu na kuanza kusukuma maranda kwa miguu kuyarudisha, vumbi limejaa puani. Mwezi uliopita kijana mmoja aliangushwa kabla maranda hayajarudi. Kiwiko chake bado hakinyooki vizuri.

Tatami moja ina upana wa mita moja na urefu wa mita mbili. Uwanja wa mashindano wa mita 8 kwa 8 unakula 32, na ukumbi wetu haubebi hizo. Tunaomba 18, zitupe mita 6 kwa 6. Moja tumeelezwa ni shilingi 240,000 hadi inashushwa Kigoma, jumla 4,320,000. Mizani ya kidijitali ni 180,000. Nauli, chakula na malazi ya vijana watatu na mwalimu wao ni 900,000. Mwalimu mwenyewe halipwi, na mwaka jana nauli alijilipia. Wazazi tumeshakusanya 1,100,000. Zinazobaki ni 4,300,000.

Familia au wanafunzi wa zamani wa darasa moja wakijikusanya, tatami moja haiwashindi. Jina lenu litaandikwa kwa rangi upande wa chini. Tulitaka liwe juu lionekane, mwalimu akakataa, akasema hawezi kufundisha watoto kukanyaga majina ya watu. Asiye na fedha alete kitu cha mnada: dumu la mawese, mkungu wa ndizi, jogoo, dagaa. Mlioko Dar, Mwanza na kwingineko, mtumieni mweka hazina kupitia kundi letu la WhatsApp. Kila mchango utaandikiwa risiti na picha yake itawekwa kundini siku hiyohiyo.

Dagaa wa mnada watapimwa kwa mizani mpya, kama itakuwa imefika. Kama bado, tutawauza kwa debe.